UZI: Kamera haijui bibi harusi ni nani. Misingi ya kushuti video kwa anayeanza

#1 FundiMwanga (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kila wiki napokea ujumbe wa vijana wenye swali moja: "Kaka, ninunue kamera gani nianze kushuti?" Leo nimekaa nijibu kwa kirefu, kwa sababu swali lenyewe limeanzia mwisho. Nashuti harusi, sendofu na matangazo madogo ya biashara hapa Dar na mikoani kwa miaka 11 sasa. Kazi hii naipenda sana, na inaniuma kuona mtu ameuza bodaboda yake akanunua kamera, halafu baada ya miezi sita kamera iko kabatini.

Harusi yangu ya tatu ilikuwa Morogoro. Kanisa lina madirisha makubwa nyuma ya madhabahu, saa nne asubuhi, jua linaingia lote. Kamera niliiweka otomatiki maana ndivyo nilivyofundishwa na aliyeniuzia. Bibi harusi akasimama mbele ya madhabahu akitutazama, shela jeupe limejaa kwenye fremu, mwanga wote nyuma yake. Kwenye kioo kidogo cha kamera niliona mambo mazuri. Nilipompelekea mama mzazi kazi yake, aliiangalia kimya kwenye televisheni ya sebuleni, kisha akaniambia: "Mwanangu, nguo naiona. Mtoto wangu yuko wapi?"

Ilikuwa kweli. Lesi ya shela ilionekana hadi uzi wa mwisho, lakini uso wa binti ulikuwa kivuli kitupu. Siku ile haikuwa na marudio.

Kilichotokea ni hiki, na ukikielewa umeelewa nusu ya ufundi. Kamera ikiwa otomatiki inapima mwanga wote ulio mbele yake, inatafuta wastani, kisha inauvuta wastani huo uwe kijivu cha katikati, kile wanachokiita kijivu cha asilimia 18. Ukijaza fremu kwa shela jeupe, kamera inaona "hapa kumezidi mwanga" na inatia giza kila kitu, pamoja na uso. Ukimjazia bwana harusi mwenye suti nyeusi, inaona "hapa giza" na inaongeza, suti inakuwa ya kijivu chenye chenga na shela la pembeni linaungua. Kamera haijui picha inamhusu nani. Wewe unajua. Kazi ya mpiga picha za video ni kuiambia.

Unaiambia kwa vitu vitatu.

Cha kwanza ni tundu la lenzi, wengi tunaliita apecha. Namba zake ni f/1.4, 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16. Namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Kila ukipanda hatua moja, mwanga unapungua nusu. Tundu kubwa linaingiza mwanga mwingi na linafuta mandharinyuma. Tundu dogo linaleta ukali mbele hadi nyuma.

Cha pili ni shata, yaani kila fremu inafunuliwa kwa muda gani. Hapa video inatofautiana na picha za mnato. Kwenye picha za mnato unachezea shata utakavyo. Kwenye video unaifunga. Kanuni ni mara mbili ya idadi ya fremu: ukishuti fremu 25 kwa sekunde, shata iwe 1/50. Ndipo mkono unaopunga unakuwa na ukungu kidogo unaozoeleka machoni. Ukienda 1/1000, watu wanaonekana kama wanakatikakatika.

Cha tatu ni ISO, nguvu ya kukuza ishara ya mwanga. Ukitoka 400 kwenda 800 picha inakuwa na mwanga mara mbili, na chenga pia zinazidi. Hii ni ya mwisho kugusa.

Kwa hiyo utaratibu wangu: shata nafunga 1/50, tundu nachagua kwa jinsi ninavyotaka mandharinyuma yawe, kisha ISO inajazia panapopungua. Na ninapopima, naupima USO. Namsogelea bibi harusi, najaza fremu kwa uso wake, naweka kila kitu sawa, nafunga, ndipo narudi nyuma. Dirisha likiungua, liungue. Hakuna mama atakayeuliza dirisha liko wapi.

Kamera nyingi zina zebra, ile mistari ya pundamilia inayotembea juu ya sehemu zenye mwanga mwingi. Naiweka asilimia 95 ya mwanga wa juu kabisa ambao kamera inaweza kuuonesha. Ikianza kutembea kwenye shela, najua niko ukingoni. Ngozi yetu nyeusi mimi huipenda ikae kati ya asilimia 45 na 60, siyo 70 wanayoifundisha kwenye video nyingi za mtandaoni. Hiyo 70 walipima kwa ngozi nyeupe. Ukimvuta Mtanzania mweusi hadi 70 unampausha, unampokonya rangi yake. Tulia, muache awe mweusi, ila macho yake yaonekane na ngozi ing'ae.

Nitaendelea na mwanga. Karibuni maswali.

#2 Kijana wa Nyegezi

Mkuu asante sana, huu uzi umekuja wakati wake. Mimi niko Mwanza, nina simu tu, tena ya kawaida. Hayo ya tundu na shata kwangu yapo kweli? Au nisubiri nipate kamera?

#3 FundiMwanga

Usisubiri, mdogo wangu.

Kwenye simu nyingi tundu la lenzi halibadiliki, limefungwa kiwandani. Vilivyobaki ni shata na ISO, na simu inavichagua yenyewe. Ndiyo maana ukishuti mtaani saa sita mchana mwendo wa watu unakuwa mkali wa ajabu: tundu haliwezi kuziba, kwa hiyo simu inakimbiza shata hadi 1/2000 na zaidi.

Fanya mambo matatu. Kwanza futa lenzi kwa kitambaa laini. Nasema kwa dhati, simu inakaa mfukoni na mikononi, mafuta ya vidole ndiyo yanayoleta ule ukungu kwenye taa. Pili, gusa uso wa mtu kwenye kioo na ushikilie kidole hadi ioneshe imefunga fokasi na mwanga, kisha telezesha kupunguza au kuongeza. Tatu, tafuta programu ya kushuti inayokuachia uweke shata mwenyewe. Blackmagic Camera ni ya bure, ilianza kwenye iPhone mwaka 2023 na Android mwaka 2024, ingawa siyo kila Android inaikubali. Weka fremu 25, shata 1/50, na ushuti kivulini.

Halafu nina zoezi. Usianze na harusi wala wimbo wa rafiki yako. Nenda asubuhi kwa mama anayepika chapati mtaani kwenu, muombe ruhusa, nunua chai, kaa naye nusu saa. Shuti vipande vitano tu: mikono yake peke yake, uso wake peke yake, yeye na jiko lake kwa pamoja kutoka mbali kidogo, kisha juu ya bega lake kama wewe ndiye unayepika, na cha mwisho kutoka pembe ambayo mpita njia hawezi kuiona, mfano chini usawa wa meza.

Kila kipande sekunde 10. Hesabu kimoyomoyo, usitembeze simu. Anayeanza huwa anamwagilia maji: kushoto, kulia, juu, chini, na akifika kuediti hana hata sekunde tatu zilizotulia.

Sababu ya kuchagua chapati ni kwamba anayepika anarudia. Anasukuma, anatupa kwenye kikaango, anageuza, anapaka mafuta, anageuza tena, na baada ya dakika mbili anafanya yaleyale na chapati nyingine. Ukimshuti akigeuza kutoka mbele, subiri chapati inayofuata umshuti akigeuza kutoka pembeni. Ukiediti, kata katikati ya mgeuko: mkono unaanza kunyanyuka kwenye klipu ya kwanza, chapati inatua kwenye klipu ya pili. Atakayetazama ataamini ulikuwa na kamera mbili. Jicho linafuata mwendo, halioni pale ulipokata.

Ukimaliza rudi hapa utuambie.

#4 Mzee wa Betakamu

Kijana umeandika vizuri. Mimi nilianza kushuti televisheni enzi za kanda za Betakamu, kamera ya begani, mkanda mmoja dakika 30. Kwa sababu kanda ilikuwa chache, ulikuwa unafikiri kabla ya kubonyeza. Siku hizi kadi ni kubwa, kijana anabonyeza asubuhi anazima jioni, na ndani yake hamna kitu.

Nina nyongeza mbili. Umesema shata 1/50 kwa sababu ya mwendo. Ni kweli, lakini huku kwetu kuna sababu kubwa zaidi: umeme. Umeme wa TANESCO ni hezi 50, na taa zinazoutumia moja kwa moja zinawaka na kufifia mara 100 kila sekunde. Jicho halioni. Kamera inaona. Ukiweka shata 1/50, kila fremu inameza mapigo mawili kamili. Ukiweka 1/100 inameza moja kamili. Ukiweka fremu 30 na shata 1/60, inameza moja na kipande, na kila fremu inapata kipande tofauti. Hapo ndipo unaona mistari myeusi inapanda na kushuka ukutani ukumbini. Kamera nyingi zinazoletwa kutoka Marekani zinakuja zimewekwa NTSC, fremu 30 na shata 1/60. Jambo la kwanza ukifungua boksi, ingia kwenye menyu uweke PAL, mfumo wa fremu 25.

Pili, mstari. Wafundishe mstari, maana vijana wengi wanauruka.

#5 FundiMwanga

Shikamoo mzee wangu. Hilo la umeme umelieleza kuliko ambavyo ningeweza, na nimeliona kwenye kumbi nyingi. Niongeze tu kwamba taa za LED za bei rahisi, hasa zile za mapambo zinazobadilika rangi, zina mapigo yake ambayo hayafuati umeme. Fika ukumbini mapema, omba ziwashwe zote, shuti dakika moja, tazama kwa makini. Ukiona mistari, sogeza shata kidogo kidogo hadi itulie.

Sasa mstari. Chukua wazee wawili wanacheza bao. Mmoja amekaa kushoto kwako, mwingine kulia. Chora mstari hewani kutoka pua ya huyu hadi pua ya yule. Chagua upande mmoja wa mstari huo na ubaki hapo. Ukiwa upande huo, mzee wa kushoto daima anatazama kulia kwenye kioo, na wa kulia anatazama kushoto, kwa hiyo hata ukimshuti mmoja mmoja, mtazamaji anajua wanatazamana. Ukiruka ng'ambo ukashuti mmoja kutoka kule, ghafla wote wawili wanatazama upande mmoja, kama wako kwenye foleni ya daladala. Mtu hatajua kosa ni nini, atahisi tu kachanganyikiwa.

Harusini mstari ni kati ya maharusi na padri au shehe. Kwenye mahojiano ni kati ya muulizaji na mjibuji. Ukilazimika kuvuka, vuka kamera ikiwa inarekodi ili mtazamaji aone unavyozunguka, au weka katikati picha ya kitu kisicho na upande: pete, mikono, kete za bao.

#6 BintiPwani

Assalaam alaykum ndugu zangu. Naandika kutoka Mombasa, nashuti harusi za Waswahili, upande wa wanawake.

Kaka FundiMwanga, uliyosema ya kupima uso nimeyapenda, lakini huku kwetu kuna jambo la kutangulia hata tundu la lenzi: nani ana ruhusa ya kuonekana. Nikaha inafungwa kwa wanaume, mara nyingi msikitini, na hapo anashuti mwanamume. Usiku wa wanawake ni wetu wenyewe, simu zinakusanywa mlangoni, na anayeingia na kamera ni mwanamke peke yake. Kwa dada zangu wanaotafuta riziki, hapa kuna kazi ya kweli, maana wahitaji ni wengi na sisi wenye kamera ni wachache.

Bibi harusi akishapambwa, hina iko mikononi hadi kiwiko, dhahabu shingoni, vikuba vya asumini kichwani. Vitu hivi kila kimoja kinataka mwanga wake. Hina mbichi ni nyeusi na ina mng'ao. Taa ikipiga moja kwa moja unaona mng'ao tu, maua hayaonekani. Weka taa pembeni, iteleze juu ya mkono, ndipo mchoro unasimama. Dhahabu kinyume chake, inataka kitu cheupe cha kujitazamia. Mimi hubeba shuka jeupe, nalishika mbele ya bibi harusi chini ya kamera, dhahabu inajaa weupe na uso wake pia unapata mwanga kutoka chini.

Nikimaliza, kadi siitoi mikononi mwangu. Naihamisha mbele ya mama wa bibi harusi, nampa diski yake, na kazi hizo sizitii mtandaoni hata kipande. Mwanamke mmoja akionekana pasipo ridhaa yake, nyumba nzima imevunjiwa heshima, na ufundi wako wote hauna thamani tena.

#7 FundiMwanga

Wa alaykumu salaam dada yangu. Hilo la shuka na la taa ya hina nayachukua leo leo. Na hilo la ridhaa naomba kila anayesoma uzi huu alisome mara mbili.

Umenifungulia mlango wa mwanga, niingie.

Ugumu wa mwanga wa Afrika Mashariki ni kwamba jua letu linapanda juu kabisa. Hapa Dar, mwanzoni mwa Machi na karibu na wiki ya pili ya Oktoba, mchana jua linapita juu ya utosi. Kivuli cha mtu kinakaa chini ya miguu yake, na matundu ya macho yanakuwa mashimo meusi. Hakuna kamera inayotibu hilo. Unamsogeza mtu: chini ya mwembe, barazani, mlangoni akitazama nje. Kivuli cha wazi, yaani kivuli kinachoona anga, ndiyo taa bora ya bure uliyonayo. Uso unapata mwanga laini kutoka angani, na ngozi nyeusi inang'aa bila kuungua.

Sasa uone kwa hesabu kwa nini mchana ni mgumu. Jua kali, ISO 100, shata 1/50: picha sahihi inataka f/22. Kwa tundu dogo hivyo kila kitu nyuma kinaonekana, nguzo, boda, matangazo, na picha yenyewe inapungua ukali. Ukitaka f/2.8 umezidisha hatua sita za mwanga. Huwezi kukimbiza shata kwa sababu umeifunga. Ndipo inapokuja miwani ya lenzi, filta ya ND. ND8 inakata hatua tatu, ND64 inakata sita. Kwa anayeshuti nje, ND ni ya kununua kabla ya gimbali (kishikio cha kutuliza kamera) na kabla ya droni. (Droni zinahitaji kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, tafadhali, usirushe kwanza ukauliza baadaye.)

Na ile saa nzuri ya jioni wanayoisifu Wazungu, kwetu ni fupi. Karibu na ikweta jua linaporomoka wima. Ukiwapanga maharusi ufukweni saa kumi na mbili, una kama nusu saa ya kazi, kisha giza. Kwa hiyo panga vipande vyako mapema, andika kwenye karatasi, wafikishe maharusi saa kumi na moja na nusu wakiwa wamemaliza kujipodoa.

Ndani ya nyumba, taa moja inatosha kujifunzia. Iweke pembeni, juu kidogo ya jicho. Kumbuka ukiisogeza kutoka mita moja hadi mbili, mwanga haupungui nusu, unabaki robo. Ndiyo maana kusogeza taa hatua moja karibu kunasaidia kuliko kununua taa kubwa. Na usichanganye rangi: kwa kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga, jua liko karibu na 5600, taa za njano za zamani kati ya 2700 na 3200. Ukiwa na dirisha upande mmoja na balbu ya njano upande mwingine, nusu ya uso ni bluu, nusu ni chungwa. Zima balbu. Waiti balansi, yaani mpangilio wa kamera wa rangi ya mwanga, iweke kwa mkono, la sivyo itabadilika katikati ya hotuba ya baba mzazi.

#8 Mtangatanga

Wakuu, mimi niko Toronto, nashutia Watanzania na Wakenya huku. Kwa faida ya walio ng'ambo: umeme wa Canada na Marekani ni hezi 60, kwa hiyo 1/50 ya huko nyumbani ndiyo inayoleta mistari huku. Nilipofika nilishuti sherehe nzima kwa fremu 25 na 1/50 kama nilivyozoea, ukuta wa ukumbi ukawa unapumua. Huku ni 1/60 au 1/120.

Swali langu ni la sauti. Ukumbini MC anatumia spika kubwa, napata mwangwi mtupu. Mnafanyaje?

#9 FundiMwanga

Kaka, asante, hilo la 60 ni muhimu.

Sauti ya kamera kutoka mita nane ni sauti ya ukumbi, si ya mtu. Njia ninayoiamini ni kumuona fundi wa muziki kabla shughuli haijaanza, kwa heshima, na kumuomba waya kutoka kwenye mikisa yake (mashine ya kuchanganyia sauti) hadi kwenye rekoda yangu ndogo. Rekoda lazima uiweke kwenye laini, siyo kwenye maiki. Mawimbi ya mikisa yana nguvu nyingi. Yakiingia kwenye tundu la maiki sauti inapasuka, na sauti iliyopasuka haitengenezeki. Acha kilele kiwe karibu na desibeli -12, kwa sababu mjomba mmoja atakuja kupiga kelele kwenye maiki. Na mikisa inabeba maiki tu: vicheko na vigelegele havimo, kwa hiyo sauti ya kamera usiifute, ichanganye chini kwa mbali.

Bwana harusi mvalishe maiki ndogo kifuani, chini ya tai, waya umefungwa fundo ili usikwaruze nguo. Kisha simama mbele ya kamera, piga kofi moja. Ukiediti, unaoanisha mlio wa kofi na fremu ambayo viganja vimekutana. Kwa fremu 25 kila fremu ni milisekunde 40, midomo itakaa sawa.

Vaa hedifoni muda wote. Friji linalovuma kwenye mahojiano hulisikii kwa masikio, unalisikia nyumbani usiku wa manane. Lizime, na weka funguo zako ndani yake, hutaondoka bila kukumbuka kuliwasha.

#10 Kidagaa

Mkuu nimesoma yote. Sasa kamera? Nina milioni mbili.

#11 FundiMwanga

Milioni mbili igawe. Mwili wa kamera uliotumika, uliokaguliwa, uchukue nusu au zaidi kidogo. Ukikagua: shuti ukuta mweupe, kisha shuti tena kofia ya lenzi ikiwa imefungwa, utafute vidoa, jaribu kila tundu la waya, rekodi mfululizo hadi betri iishe, uone kama inazima kwa joto. Kinachobaki: lenzi ya milimita 50 ya f/1.8, tripodi nzito, maiki, kadi mbili, betri ya ziada. Kwenye kamera yenye sensa ndogo ya APS-C, hiyo 50 inakupa upana kama wa 75 kwenye sensa kubwa, nzuri kwa nyuso, finyu kwa chumba. Ijue hivyo.

Uliza pia kikomo cha kurekodi. Kamera nyingi za mnato zinazoshuti video zilitengenezwa zikakate zenyewe dakika 29 na sekunde 59. Sababu ni ushuru wa Umoja wa Ulaya: kifaa kinachorekodi dakika 30 au zaidi kilihesabiwa kamera ya video, na kutozwa zaidi. Mimi sikujua. Nilikuwa nimesimamisha kamera ya pili juu kwenye roshani ya kanisa, ikarekodi mahubiri, ikazima dakika chache kabla ya viapo. Siku hizi nina saa ya mkononi inayolia kila dakika 25, naisimamisha mwenyewe kati ya wimbo na wimbo na kuianzisha tena.

Kadi piga hesabu kabla ya safari. Kamera ikiandika megabiti 100 kwa sekunde, hiyo ni megabaiti 12.5, sawa na gigabaiti 45 kwa saa. Kadi ya 64 haimalizi hata saa moja na nusu. Chagua yenye alama ya V30, inayoonesha kasi ya kuandika, iumbizie ndani ya kamera, na ukirudi nakili sehemu mbili kabla hujala.

Usishuti logi mwaka wa kwanza. Ile picha iliyopauka unayoiona kwa wakubwa inahitaji biti 10, ngazi 1024 kwa kila rangi. Kamera za bei yako nyingi zina biti 8, ngazi 256. Ukiivuta kwenye kuediti anga inakatika mapande mapande. Weka rangi ya kawaida, pima uso vizuri, uediti kwa DaVinci Resolve toleo la bure kama kompyuta inaweza, au programu yoyote ya simu.

#12 Mzee wa Betakamu

Kuhusu autofokasi: muachie kamera akitembea mtu, lakini watu wakikatiza mbele yake fokasi inahama. Wakati wa kukata keki wanaopiga picha kwa simu ni kama nzige. Pima umbali, funga fokasi kwa mkono, na tumia f/4 au f/5.6 upate nafasi ya kukosea. Hiyo f/1.8 mnayoipenda, ukiwa karibu, jicho moja linakuwa kali na la pili limepotea.

#13 Kijana wa Nyegezi

Wakuu nimerudi. Nimefanya zoezi la chapati asubuhi tatu mfululizo. Siku ya kwanza yote niliitupa, nilikuwa natembeza simu. Siku ya pili nilihesabu kumi. Leo mama alishanizoea, hakuniangalia tena. Nimepata mikono, uso, yeye na jiko, juu ya bega, na chini usawa wa meza, moshi unapita mbele ya lenzi. Nimeweka video hapa, sekunde 42. Naomba mnikosoe bila huruma.

#14 FundiMwanga

Nimeitazama mara nne, mdogo wangu.

Mkato wa kugeuza chapati umekaa. Sikuuona hadi mara ya pili. Mikono ni mizuri, unga kwenye kucha unaonekana.

Kipande cha uso kina tatizo. Nyuma yake kuna bati jeupe linapiga jua, simu imepima bati, uso umezama. Ni kosa langu la Morogoro hilohilo. Kesho sogea hatua mbili kushoto hadi nyuma yake kuwe na ule ukuta wa udongo, gusa uso wake kwenye kioo, ushikilie hadi ifunge, ndipo urekodi. Kisha subiri. Kwenye sekunde ya 31 anaangalia chapati na kuanza kutabasamu, na wewe unakata. Alikuwa anamtazama nani? Baki naye hadi ageuke, utuoneshe.

#15 Kijana wa Nyegezi

Mjukuu wake, alikuwa anakuja na kikombe. Kesho saa kumi na mbili na nusu niko pale.